Kuacha kazi ya wakala: notisi unampa nani, na hela yako inaishia wapi

Watu wengi wanaofanya kazi kupitia wakala wakichoka wanaondoka kimyakimya. Leo yuko zamu, kesho simu haipatikani, keshokutwa unasikia ameonekana Kariakoo kwenye duka la mtu au kapata kazi kiwandani huko Kibaha. Ukikutana nae ukamuuliza mbona hukuaga anakujibu "kazi yenyewe ya wakala, ningemuaga nani?" Na zile siku za mwisho ulizofanya je, ulilipwa? Hapo anakunja uso, anasema wale hawamlipi mtu aliyeondoka, kwahiyo ameshasamehe. Yani anasamehe hela ya watoto wake kwa mtu ambae hata hajamuomba msamaha. Jambo hili linaniuma sana sababu nimekaa humo, nimewaona wengi wakifanya hivyo, na wengi wao walikua wachapakazi kuliko hata hao waliokua wanawasimamia.

Mimi nilikua karani kwenye godauni moja pale barabara ya Nyerere, naandika mzigo unaoingia na unaotoka. Mkataba ulikua wa wakala, reflekta niliyovaa imeandikwa jina la kampuni nyingine, na anaenipangia zamu ni supavaiza wa hiyo kampuni nyingine. Ofisi ya wakala nilifika siku ya kusaini na siku chache sana baada ya hapo. Sasa katika mazingira kama hayo mtu unaelewa kabisa kwanini mwenzako anajiuliza amuage nani, sababu anaemwona kila siku na anaemlipa ni watu wawili tofauti, na wote wawili siku ukiwa na shida kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake.

Jibu lakini lipo, na linaanzia kwenye makaratasi yako mwenyewe. Angalia nani amesaini mkataba upande wa mwajiri. Angalia slip ya mshahara ina jina la nani juu. Ingia uangalie michango yako ya NSSF inapelekwa na kampuni gani. Kama zote zinaonesha wakala basi mwajiri wako ni wakala na notisi unampeleka yeye, hata kama hujawahi kumuona mkurugenzi wake. Supavaiza wa godauni mwambie kwa heshima, ni mtu uliefanya nae kazi na kesho unaweza kumhitaji, ila kumwambia yeye kwa mdomo hakuhesabiki kama notisi. Jamaa mmoja tuliekua nae zamu ya usiku alimuaga supavaiza vizuri kabisa, wakakumbatiana, wenzake wakamchangia nauli ya kwenda Mwanza, wakala kule mjini wanamwandika mtoro. Na utoro sio neno dogo. Kwenye kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, kwahiyo mtu aliyeaga kwa upendo wote anajikuta kwenye faili ni mtu aliyetoroka.

Kuna historia kidogo hapa inafaa kuijua. Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira, na msimamo ulikua kwamba wakala kazi yake ni kumuunganisha anaetafuta kazi na mwajiri, asijigeuze yeye ndio mwajiri alafu anakukodisha. Wafanyakazi walitakiwa wahamie kwenye mikataba ya kampuni wanazozitumikia. Baadhi walihamishwa kweli. Ila mfumo haukufa, ulibadilisha nguo tu, siku hizi kampuni inasema haiuzi watu inauza huduma, huduma ya usafi, huduma ya ulinzi, huduma ya kupakia na kushusha mzigo, na wewe ni sehemu ya hiyo huduma. Kwa mtu anaetaka kuacha kazi mabishano hayo ya kisera hayamsaidii sana siku hiyo, kinachomsaidia ni kujua sahihi ya nani iko kwenye mkataba.

Sasa tuje kwenye notisi yenyewe. Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005. Huku Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo haina mlango wa pembeni kwa ajili ya watu wa wakala. Mfanyakazi ni mfanyakazi. Kama uko ndani ya mwezi wa kwanza kazini notisi ni siku zisizopungua 7. Ukishavuka mwezi, inategemea unaajiriwa kwa mtindo gani: ukiwa deiwaka au unalipwa kwa wiki ni siku 4, ukiwa wa mshahara wa mwezi ni siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu kuliko huo, hilo linaruhusiwa, lakini muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Hapa ndio naomba watu watoe mikataba yao wasome leo leo, sababu nimeona kwa macho yangu mkataba unaosema mfanyakazi atatoa notisi ya miezi miwili na kampuni itatoa siku 28. Hicho kipengele sheria haikikubali. Muda wa miezi miwili unakufunga tu pale ambapo na yeye amejifunga miezi miwili hiyo hiyo.

Notisi iwe ya maandishi, iwe na sababu, iwe na tarehe unayoitoa. Meseji ya saa tano usiku "bosi kesho siji tena" haitoshi na haikulindi. Yangu ilikua mistari michache tu. Juu anwani yangu na tarehe, chini yake Mkurugenzi Mtendaji, jina la wakala na sanduku lao la posta, alafu YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI. Nikaandika: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwajiriwa wako katika nafasi ya karani wa godauni. Natoa notisi ya siku 28 kuanzia tarehe ya barua hii. Sababu ya kuacha kazi ni kupata ajira nyingine. Katika kipindi chote cha notisi nitaendelea na kazi kama kawaida. Naomba siku ya mwisho nilipwe mshahara wa siku nilizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo sijachukua, na nipewe cheti cha utumishi." Wako mtiifu, jina, sahihi, basi. Sikulalamika kuhusu supavaiza wala oventaimu, hayo yana sehemu yake, barua ya notisi ikibeba malalamiko inaanza kujibiwa malalamiko badala ya notisi.

Nikachapa nakala mbili nikapeleka mwenyewe. Dada wa mapokezi akaniambia "iache tu hapo kaka, HR akija nitampa." Nikamwambia samahani dada yangu, naomba unigongee mhuri wa kupokelea na tarehe kwenye nakala yangu hii. Akasema mhuri mpaka HR aseme. Nikakaa kwenye benchi nikasubiri, na nilikua nimejipanga kusubiri, maana barua isiyokua na mhuri wala sahihi ya aliyeipokea siku ya ubishi inakua karatasi yako tu ya nyumbani. HR alipofika, mama mmoja mtu mzima, akaisoma amesimama alafu akaniuliza umepata kazi wapi. Nikamwambia shikamoo mama, nimepata kampuni moja ya usafirishaji. Akasema "sasa mwanangu ukitoka wewe mteja anatudai mtu, mshahara wako wa mwezi huu itabidi tuushikilie mpaka tupate wa kuziba nafasi."

Hii kauli, tutaushikilia, ndio silaha yao kubwa. Inafanya kazi sababu mtu anaemsikiliza ana kodi ya chumba na ada ya mtoto, akili inamwambia kama wataushikilia hata nikifanya notisi, kuna faida gani kuifanya. Nikamjibu mama, hiyo nafasi nitaikalia mwenyewe siku zote 28, mtakua na muda wa kutafuta mtu na mimi nitamwelekeza kazi. Na mshahara wa siku nilizofanya ni wangu, makubaliano yenu na mteja mimi sikuyasaini. Nilisema kwa upole, mtu mzima hujibizani nae. Aliniangalia kidogo, akamwambia yule dada mgongee.

Nieleze hapa kwa kirefu, sababu hela yenyewe ndio iko hapa. Sheria inasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi ndani ya kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo kama angefanya kazi. Soma tena taratibu. Kumbe anachoruhusiwa kukata kina kipimo, ni siku za notisi ambazo hukufanya, na hakati zaidi ya hapo. Mtu wa mshahara wa 420,000 akiondoka tarehe 20 bila neno, siku 28 za kukatwa zinakula karibu mshahara wake wote wa mwezi, kwahiyo zile siku 20 alizotoa jasho zinafutika na likizo yake nayo inaguswa. Yani ukitoroka umempa wakala ruhusa ya kisheria ya kubaki na hela yako. Hakuhitaji kukudhulumu, umemrahisishia. Mwenzako aliyebaki akamaliza siku zake 28 analipwa za kabla ya notisi, analipwa za ndani ya notisi, na hamna cha kukatwa kwa sababu ya kuondoka.

Alafu kuna likizo, ambayo watu wa wakala wengi wanaamini haiwahusu. Inawahusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ukiondoka kabla hujaichukua unalipwa kwa hesabu ya mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Aliyefanya siku 208 ana siku 16 za kulipwa. Hii kwa kawaida inaanza kwa mtu aliyefikisha miezi sita kazini, wa chini ya hapo asije akaenda kudai akarudi amevunjika moyo. Na wasikubali pia ule mtindo wa kuambiwa "notisi yako tumeihesabu kwenye likizo", maana notisi haitolewi mtu akiwa likizo na wala haikimbizwi sambamba na likizo. Kama wamekupa likizo, notisi inahesabiwa nje yake.

Makato mengine wanayopenda ni sare, buti, kitambulisho, na kile wanachokiita gharama ya mafunzo. Kwenye kituo chetu mafunzo yenyewe yalikua kuoneshwa wapi ni mlango wa dharura. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi akakata anachotaka. Makato ya kufidia hasara au uharibifu yana masharti: iwe ni kosa lako kweli, ukiwa kazini, upewe maelezo kwa maandishi ni hasara gani na imehesabiwaje, upewe nafasi ya kubisha, ukubali kwa maandishi, na hata hapo makato hayazidi robo ya malipo yako. Kwahiyo siku ya kurudisha vifaa rudisha vyote na udai karatasi inayoonesha umerudisha. Mimi nilirudisha reflekta, buti na skana, supavaiza akasaini mbele ya kila kimoja. Hiyo karatasi ilikuja kuwa na thamani baadae sababu walianza kusema skana moja haionekani.

Wapo watakaosema si unaweza kutoa notisi ya saa 24 ukawalipa mshahara wa mwezi mmoja ukaondoka. Hii ya saa 24 imeshika sana vichwani mwa watu, hasa wale waliolelewa na wazazi waliokua maofisini zamani. Kwa mtu wa wakala naiona ni ghali mno. Kama mkataba wako una kipengele kinachokuruhusu kulipa badala ya kutumikia notisi, kitumie ukiwa na sababu nzito, tuseme mwajiri mpya anakulipia hiyo hela au mgonjwa anakuhitaji kijijini. Vinginevyo fanya kazi siku zako. Kwa upande wa mwajiri sheria iko wazi, yeye anaweza kukwambia usije tena lakini akakulipa siku zote za notisi, kwahiyo akikurudisha nyumbani siku ya tatu baada ya kupokea barua yako, siku zilizobaki bado unamdai akulipe kama hela.

Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, wa mshahara wa mwezi nae ni siku 28. Kibarua wa siku kule mkataba wake unaweza kuishia jioni bila notisi, ila akifanya kazi mfululizo mpaka ikafika kama mwezi mzima anahesabiwa kama wa mwezi na notisi yake inakua ya siku 28. Hiki cha pili nakipenda kweli, natamani na sisi deiwaka wetu wanaozungushwa miaka wangekua na kinga iliyoandikwa waziwazi namna hiyo.

Sasa kuna mtego mkubwa kuliko yote niliyosema, na huu ndio nataka mtu wa wakala aukariri: mkataba wa muda maalumu. Mawakala wanapenda mikataba ya miezi mitatu mitatu, sita sita. Haya yote ya siku 28 na notisi ni ya mkataba unaoweza kuvunjwa kwa notisi. Kanuni ya 6 ya zile kanuni za utendaji bora, tangazo la serikali namba 42 la 2007, inasema aliyeingia mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiasi kikubwa, na kama mwajiri hajavunja chochote basi njia halali iliyobaki ni kukubaliana nae kuumaliza kabla ya muda. Umeona tofauti? Mtu wa mkataba usio na kikomo barua yake ni taarifa, anawaambia naondoka, hawana cha kumkubalia wala kumkatalia. Mtu wa mkataba wa miezi sita asiyekua na kipengele cha notisi barua yake ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa.

Dada mmoja tuliefanya nae kazi upande wa kufungasha alijikuta hapo. Aliandika barua nzuri ya siku 28 wakamjibu kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa tisa na hamna sehemu inayomruhusu kuondoka kabla. Alilia siku ile, sababu nafasi mpya ilikua inamsubiri na ilikua nafasi ya maana. Tulikaa nae tukausoma mkataba wote, na kweli hakukua na kipengele. Akaandika upya, safari hii YAH: OMBI LA KUSITISHA MKATABA KWA MAKUBALIANO, akapendekeza tarehe, akajitolea kumfundisha atakaemrithi, akaomba jibu kwa maandishi. Wakala hakua na faida ya kumng'ang'ania mtu ambae moyo wake ulishatoka, wakasaini. Kile alichosaini nao kilikua ukurasa mmoja tu unaosema pande zote zimekubali mkataba uishie tarehe fulani na malipo ni haya na haya. Ukurasa mmoja, lakini bila huo angekua amevunja mkataba na wangeweza kumdai fidia.

Kwahiyo kabla hujaandika chochote tafuta kwenye mkataba sehemu inayoongelea kuvunja au kusitisha. Kama imeandikwa kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, uko salama, tumia hiyo. Kama haipo, rudi kwenye ombi. Na kama muda wa mkataba ulishapita na wewe ukaendelea kuingia zamu na wao wakaendelea kukulipa bila kusaini kitu kipya, hapo mkataba unaweza kuhesabika umejirudia wenyewe, usikubali kuambiwa huna mkataba kabisa. Swali lingine kabisa ni kama mpakia mizigo alistahili kupewa mkataba wa muda maalumu tangu mwanzo. Kwa miaka mingi sheria iliiacha mikataba hiyo kwa wataalamu na watu wa ngazi za uongozi, na kanuni za 2017 zikasema isiwe chini ya miezi 12, mpaka mwaka 2025 ndio sheria ikarekebishwa ikaongeza makundi mengine, ikiwemo kazi za msimu na kazi inapoongezeka kwa muda. Hoja hiyo ipo na mtu akifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, anaweza kuibeba, ila usiitegemee kama ndio tiketi yako ya kuondoka kesho asubuhi.

Mikataba hii mingi ni ya Kiingereza, na mtu anasainishwa amesimama kwenye foleni, kalamu moja watu thelathini. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoelewa. Ombi langu kwa yeyote anaesoma hapa: ukisainishwa piga picha kila ukurasa kwa simu yako hapo hapo, na udai nakala. Kesi ikifika mbele na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unakua juu yake yeye, ila wewe ukiwa na picha zako hufiki huko.

Kuna barua nyingine ya kuacha kazi ambayo hutakiwi kuiandika kabisa, ni ile unayoandikishwa. Wakala anabadilisha jina la kampuni, au mteja anabadilisha wakala, mnaitwa wote mnaambiwa "andikeni barua za kuacha kazi huku, kesho mnasaini mikataba mipya kule, kazi ni ile ile." Watu wanaandika sababu kazi ni ile ile kweli, godauni lile lile, reflekta ile ile. Kinachopotea hakionekani siku hiyo. Kiinua mgongo cha kisheria, yani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika mpaka miaka 10, anapewa mtu aliyefikisha miezi 12 na akaachishwa na mwajiri, aliyeandika mwenyewe kwamba anaacha hakipati. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo limewekwa kwa ajili ya aliyeondolewa, aliyejiuzulu halimgusi. Mtu wa miaka sita anarudi kuwa mtu wa siku moja kwa sahihi aliyoiweka akiwa anacheka na wenzake. Wakitaka kukuondoa waandike wao barua ya kukuachisha na walipe. Na kama wamekubana mpaka ukaandika, kwa vitisho au kwa kufanya kazi isikalike, kanuni zinaita hiyo kuachishwa kazi kwa kulazimishwa na unaweza kuipeleka mbele kama umeachishwa isivyo haki.

Kuhusu mwajiri mpya, mwambie ukweli. Mimi huyo wa usafirishaji alitaka nianze Jumatatu inayofuata, nikamwambia nadaiwa siku 28 na ninakotoka. Hakufurahi, ila alisubiri, na baadae aliniambia mtu anaemkimbia mwenzake usiku huwa anajua na yeye atakimbiwa. Wapo wasiosubiri, hilo nalijua, na hapo kila mtu ana mizani yake. Angalau upime ukiwa unajua unachopoteza ni shilingi ngapi.

Siku zangu za notisi zilipita salama, zamu kama kawaida. Nilimwelekeza kijana waliyemleta namna ya kuandika mzigo mpaka akaelewa. Malipo ya mwisho yakachelewa, mwezi ukaisha hamna kitu, nikienda naambiwa fomu ya mteja haijarudi, nikifuatilia kwa mteja supavaiza anasema alishaituma. Nikaandika barua nyingine fupi, nikaambatanisha nakala ya notisi yenye mhuri wao na ile karatasi ya vifaa, nikasema nisipolipwa ndani ya siku saba nitapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hawakufika siku saba. Mshahara wote uliingia, likizo ikaingia, cheti cha utumishi nikakifuata mwenyewe.

Kwa ambae atafika siku ya saba hajaona kitu, muda wa kwenda Tume unahesabika na unaisha haraka. Madai kama mshahara, likizo na cheti una siku 60 tangu mgogoro uanze, na kama unadai uliachishwa isivyo haki, ikiwemo ile ya kulazimishwa kuandika barua, ni siku 30 tu. Fomu inaitwa CMA F1. Kwenye sehemu ya mwajiri andika jina la wakala kamili kama lilivyo kwenye mkataba, mpelekee nakala yake kwanza akusainie kupokea, alafu ndio upeleke Tume ukiwa na ushahidi kwamba alipokea. Wakili sio lazima. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, mnaongea Kiswahili, na mara nyingi wakala akiona una mkataba, slip, na barua yenye mhuri wake mwenyewe, hapo hapo anauliza akulipe lini.